Wauaji Kumi na Mmoja Njiani Kwenda Olumbi

Tangu nirudi hamjaniacha ninywe chai kwa raha. Kila ninapokaa, mmoja wenu anakuja na swali lilelile: vitabu vyetu vimefika? Vimefika. Vyote kumi na kimoja, na majalada yake. Mkisikia hivyo mnatabasamu, mnanipiga begani, na hapo ndipo hasira inaponipanda upya, maana hamjui vimefikaje. Nimeamua kuandika mara moja. Yeyote atakayeuliza tena nitampa karatasi hizi asome, mimi nimalizie chai yangu.

Mtwara hadi mtoni

Kwa waliojiunga na chama chetu cha wasomaji karibuni: Saidi ni fundi baiskeli wa Olumbi, kule Msumbiji, kati ya Palma na Mocímboa da Praia. Miaka ya nyuma, kila baada ya sala ya alasiri, alikuwa akifuta grisi mikononi, anakaa juu ya kreti kibandani mwake na kuwasomea watu riwaya za makachero. Si makachero wa kupendeza. Saidi anawataka wale wa zamani, wagumu: kachero mwenye ofisi ya chumba kimoja na kiti kibovu, anayevuta sigara za kuomba, anayepigwa na polisi na majambazi kwa zamu, na ambaye mwishoni anaijua kweli yote wala haimsaidii kitu. Watu wa Olumbi walivipenda vitabu hivyo kwa sababu waliwatambua waliomo.

Kisha vita vikaja, watu wakakimbia, nyumba ya Saidi ikaungua na vitabu vyake ndani. Aliporudi akafungua kibanda tena, na kwa kuwa hakuwa na kitabu hata kimoja, akawa anasimulia kwa kumbukumbu. Mlisikia wenyewe sauti aliyonitumia kwenye simu: "Ndugu yangu, nimechanganyikiwa. Jana kachero wangu amemkamata mtu ambaye nilishamzika juzi. Watu waliniangalia tu. Walikuwa ishirini, sasa wanakuja wanne, na mmoja wao anasubiri baiskeli yake."

Ndipo mkaleta vitabu, na hapa nina la kusema. Mmoja wenu, simtaji, aliniletea kitabu cha kachero mwenye gari jipya, suti nyeupe na bastola isiyoishiwa risasi, ambaye ukurasa wa mwisho anambusu binti wa waziri. Nilikirudisha mpaka mlangoni kwake. Kachero asiyepigwa kabla ya ukurasa wa hamsini mimi simwamini. Mkitaka kumwanzisha mtu kwenye riwaya hizi, mpeni kwanza ile ya ghala la barafu. Akiimaliza, mpeni ya dereva wa teksi mwenye abiria asiyeshuka. Ile yenye jalada la kijani, ya muuguzi, msimpe mapema. Hiyo ni ya msomaji aliyekomaa, asiyetegemea kubembelezwa.

Desturi yetu ya kupendekeza kitabu nayo ni ya Saidi. Unasimama, unakisimulia mpaka maiti ya kwanza, ukifika hapo unakifunga na kusema, "Nimekufikisha mlangoni." Basi. Anayetaja muuaji anakaa nje ya kibanda mpaka kitabu hicho kisomwe hadi mwisho. Mimi niliacha shule darasa la tano na nimezunguka miji mingi nikivunja sheria za kila mwenye nyumba, lakini hiyo sikuwahi kuivunja.

Mtoni Ruvuma tulikuta maji yamekupwa. Boti ilitufikisha nusu ya mto ikapanda fungu la mchanga. Nahodha akazima injini. "Maji yatarudi yenyewe," akasema, akajifunika kofia usoni. Tukakaa juu ya mchanga saa tatu nzima, tukila mihogo ya kuchemsha ya mama mmoja aliyekuwa ameibeba kwenda kuuza ng'ambo, na aliyeimaliza pale pale bila kufika popote.

Mchuuzi mmoja wa vitunguu akaniomba kitabu apoteze muda. Nikampa cha ghala la barafu. Akakigeuza, akafungua ukurasa wa mwisho.

"Unafanya nini wewe?"

"Naangalia kama kinaishia vizuri."

"Kwani ukienda harusini unaanza na kuosha vyombo?"

"Bwana, mimi nikinunua gunia la vitunguu nalikagua chini kwanza. Huko ndiko wanakoficha vibovu."

Nikamnyang'anya kitabu. Nusu ya abiria wakawa upande wake. Mama wa mihogo akasema hata yeye akisimuliwa hadithi huuliza kwanza kama mtoto anapona. Nilikasirika nikahama, nikaenda kukaa upande wa pili wa mchanga, ambao ulikuwa kama hatua nane.

Ng'ambo ya mto hadi kizuizini

Upande wa pili nilipata lori la saruji. Nilikaa juu ya mifuko pamoja na mwanamke wa makamo mwenye furushi kubwa la vitenge. Alikuwa Bi Zainabu, mkazi wa Olumbi ambaye babu yake alitoka Lindi, na biashara yake ni kwenda na kurudi na vitenge. Barabara ilitutupa juu na chini, na kila nilipotupwa mfuko wangu ulimgonga.

"Mdogo wangu, umebeba matofali?"

"Vitabu, dada."

"Vya dini?"

"Vya makachero."

Akaacha kushika khanga yake, upepo ukaichukua nusu. "Unampelekea nani?"

Nilipomtaja Saidi akanishika mkono kwa nguvu. Kumbe ni mmoja wa wale ishirini. Akaniambia mkeka wake ulikuwa karibu na mlango, kwa sababu alikuwa akitoka kugeuza chungu jikoni na kurudi mbio. Kisha akauliza polepole, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa: "Na kile cha kijani kimo? Cha muuguzi?"

"Kimo."

Akanisimulia. Saidi alikuwa akiwasomea kitabu hicho wiki ile ile waliyokimbia. Walifika pale kachero anapokuta mlango wa muuguzi uko wazi, chai imemiminwa vikombe viwili, kimoja kinatoa mvuke, na muuguzi amekaa kitini amekufa. Saidi akafunga kitabu wakaenda kuswali magharibi. Kesho yake hapakuwa na Olumbi. Na Saidi ana sharti: hasomi kurasa ambazo wenzake hawajasomewa, anajua kile wanachojua wao tu. Kwa hiyo kitabu kilipoungua, hakuna mtu hata mmoja kule aliyejua mwisho wake.

"Tumekaa Pemba, hii ya huku Msumbiji, kwa ndugu miaka," akasema. "Napika, nafua, nagombana na wifi, na kichwani nawaza: nani alikunywa chai na yule binti? Nimemshuku mpangaji wa juu. Nimemshuku dada yake. Mwisho nikamshuku kachero mwenyewe. Wewe unamjua?"

"Namjua."

"Usiniambie."

"Siwezi kukuambia."

"Hata nikikuomba?"

"Hata ukinililia."

Akacheka, akafungua kitambaa akanikatia mkate wa mchele. "Kimesubiri miaka," akasema, "kitasubiri siku moja. Nataka Saidi asome, na mimi niko kwenye mkeka wangu."

Siku mbili kwenye benchi

Kituo cha ukaguzi tulikosimamishwa sikitaji, nacho hakina tofauti na vingine. Kuna kamba barabarani, ofisi ya bati, benchi ndefu chini ya kivuli cha paa. Nasema wazi kwamba sikatai kukaguliwa. Watu wa huko wameona mambo, na mtu anayepita na mzigo lazima aufungue. Niliufungua mwenyewe. Lakini mnayajua majalada ya vitabu vyetu: bastola, bastola na mwanamke, bastola mbili, mkono wenye bastola. Vikapangwa mezani vyote kumi na kimoja, na askari wawili wakaacha kutafuna miwa.

Mkubwa wao waliyemwita chefe alikuwa mtu wa kusini aliyehamishiwa huku, hajui Kiswahili, anasema Kireno tu. Karani wake Fatima, waliyemwita dona kwa heshima, binti wa Palma, ndiye aliyetafsiri. Chefe akaniuliza kwa adabu kabisa kitabu cha kwanza kinahusu nini.

Hapo nilifanya kosa ambalo nadhani hakuna mtu mwingine duniani angelifanya isipokuwa sisi. Nilisimama. Nikakohoa. Nikakisimulia: mke wa nahodha anakuja kwa kachero, anataka saa ya mkononi ya mumewe itafutwe, si mume, saa. Kachero anazunguka bandari nzima, anapigwa ngumi mara mbili, anaingia ghala la barafu, na ndani ya bonge moja la barafu anasikia saa ikigonga kwenye mkono wa maiti. Nikakifunga kitabu. "Nimekufikisha mlangoni."

Chefe alikuwa ameacha kuandika. Akasema neno, Fatima akatafsiri: "Anauliza, nani alimuua?"

"Mwambie atakisoma."

"Mjomba, hajui Kiswahili."

"Basi utamsomea wewe."

Chefe akavua miwani. Fatima akasikiliza, akanigeukia. "Anasema umekuja na picha za bastola, kuna mtu ameuawa, muuaji unamjua, na unakataa kumtaja."

Watu wa benchi wakacheka. Bi Zainabu, aliyekuwa akingoja vitenge vyake vikaguliwe, akapaza sauti: "Asimtaje! Wengine bado hatujasoma!"

Chefe akageuka. Fatima akauliza kwa niaba yake: "Na wewe mama unamjua muuaji?"

"Simjui! Ningemjua ningehangaika hivi?"

Hilo nalo likaandikwa. Basi tukawa wawili wenye jambo la kuficha, mimi mtuhumiwa na yeye shahidi. Lori la saruji likaondoka bila sisi.

Jamani, mtu anaulizwa habari za mauaji ambayo hayakutokea, ya mtu ambaye hakuzaliwa, katika mji usiokuwepo, na anawekwa benchi mpaka jioni! Nilisema hivyo kwa sauti. Fatima akaniambia, bila kuinua macho, "Mjomba, kama hakuna aliyekufa, kwa nini unamlinda aliyeua?" Hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Mchana alituletea wali na matapa, kisamvu kilichoungwa kwa nazi na karanga, kizuri kiasi kwamba nilishindwa kuendelea kugomba mpaka nilipomaliza sahani. Tulilala kwa shangazi yake. Bi Zainabu hakunilaumu. Alisema tu kwamba mtu aliyesubiri Pemba anaweza kusubiri benchi.

Asubuhi chefe akatuita na akatangaza uamuzi. Ama kila kitabu kielezwe chote, mpaka mwisho, na shahidi atie sahihi, ama mfuko upelekwe Pemba ukachunguzwe. Nilimtazama Fatima. "Ukienda Pemba utarudi lini?" Akajibu kwamba cherehani ya shangazi yake ilienda kuchunguzwa kabla yeye mwenyewe hajaolewa. Sasa ana watoto watatu.

Nilijaribu kudanganya. Nikasema katika ghala la barafu aliyeua ni mlinzi. Fatima akakichukua kitabu, akafungua mwisho, akasoma kimya, akaniinulia macho. "Mjomba, mimi nasoma." Hakumtafsiria chefe. Alikirudisha mezani akangoja.

Nikaomba shahidi atoke nje. Chefe akakataa: shahidi anatia sahihi kwenye alichosikia. Bi Zainabu akaziba masikio kwa khanga, akaambiwa azibue. Basi vitabu kumi nilivisema mbio mbio kama mtu anayemeza kwinini, mke huyu, mpwa yule, hakimu, dereva, nikitazama ukuta. Kikabaki cha kijani. Ulimi ukakataa.

"Dada," nikasema.

Bi Zainabu alikuwa ameinamisha kichwa. "Saidi ana watu wanne," akasema, "na mmoja anasubiri baiskeli. Sema. Kisiende Pemba."

"Daktari," nikasema.

"Daktari?" Aliinuka nusu kutoka kwenye benchi. "Yule mpole? Aliyemletea dawa ya macho?"

"Huyo."

Akakaa. Chefe akauliza kama daktari alikamatwa. Nikasema hapana, amefungua hospitali ya pili. Akataka kujua katika vitabu vyote kumi na kimoja wamekamatwa wangapi. Nikahesabu kwa vidole: wawili, na mmoja wao hakuua. Chefe akapiga meza kwa kiganja, na Fatima akatafsiri huku akiuma mdomo: "Anauliza, polisi wa vitabu hivi wanafanya kazi gani?"

"Mwambie vitabu vyote vinauliza swali hilo hilo."

Sijui alimwambia nini. Chefe akagonga muhuri, akanisukumia mfuko. Nilitoka na hasira zangu. Bi Zainabu alitia sahihi yake chini ya majina ya wauaji kumi na mmoja, akajitwika furushi lake, akanipita.

Olumbi

Tulifika tumepanda nyuma ya gari la viazi, kila mmoja upande wake. Nimesafiri siku nne kuwapelekea watu raha yao, na raha ya mmoja wao nimeimwaga ofisini mbele ya askari wanaokula miwa.

Saidi alikuwa amelala chini ya baiskeli. Alipouona mfuko alitoka na mnyororo ukiwa umemning'inia shingoni, akavitoa vitabu kimoja kimoja, akavinusa. Cha kijani alikishika kwa ncha za vidole kwa sababu ya grisi. Habari zikaenda nyumba hadi nyumba, na ilipofika alasiri kibanda kilijaa. Wawili walikuwa wapakuzi wa bandarini Mocímboa, waliokuja Olumbi msibani na hawakurudi siku hiyo.

Bi Zainabu hakunishitaki. Nilijishitaki mwenyewe, mbele ya wote, na nikaeleza yaliyotokea. Nilitegemea wataniombea, kwa sababu kosa si langu, na bado nasema si langu. Saidi alisikiliza huku akifuta mikono.

"Umetaja wangapi?"

"Wote."

"Mbele ya mwanachama?"

"Mbele ya mwanachama."

"Pole kwa safari," akasema. "Nje."

"Saidi! Mimi ndiye niliyevileta!"

"Najua. Ahsante. Toka nje, watu wanasubiri."

"Na Bi Zainabu?"

"Huyo hakutaja, ametajiwa. Mkeka wake uko pale pale mlangoni. Akitaka."

Mwanamke yule alisimama kwa muda kibarazani akiwa na khanga mkononi. Nilidhani atakwenda zake nyumbani. Kisha akaingia.

Nilikaa nje juu ya ringi ya baiskeli, nimeegemea bati, na yote niliyosafiria yalikuwa upande wa pili wa bati hilo. Saidi alianza upya kutoka ukurasa wa kwanza. Sauti yake husikika kidogo, maneno hayasikiki. Nilisikia vicheko, nikasikia ukimya walipofika kwenye vikombe viwili, nikasikia mpakuzi mmoja akiapa kwamba ni mpangaji wa juu, na ishirini wakimzomea. Nikauma ulimi. Siku ya pili vile vile. Watu walipita wakanisalimia kama mtu aliyewekwa mahabusu.

Siku ya tatu, katikati ya kusoma, Bi Zainabu akatoka. Nilijua anakwenda kugeuza chungu. Hakwenda. Alisimama mbele yangu, amekunja uso.

"Daktari anamlisha kachero kila siku," akasema.

"Ndiyo."

"Pale mezani, na samaki, na juisi ya ukwaju. Na kachero anajua tangu siku ya tatu. Nimehesabu. Anajua, na anakula."

"Ndiyo, dada."

"Hilo hukulisema ofisini."

"Chefe hakuniuliza. Alitaka jina tu."

"Kwa hiyo mimi nimekaa ndani siku tatu namwangalia yule mtu akila, wenzangu wote wanacheka naye, wanamsifu daktari kwa ukarimu, na mimi peke yangu najua kilichomo kwenye ile nyumba." Alivuta pumzi. "Kwa nini hasemi? Anaogopa? Amenunuliwa? Au ana njaa tu?"

Nilifungua mdomo.

"Usiniambie!" Alininyooshea kidole mpaka puani. Kutoka ndani tukasikia Saidi amefungua ukurasa mwingine, sauti imeshuka. Bi Zainabu akajifunga khanga vizuri kiunoni.

"Mshenzi mkubwa yule kachero," akasema, akarudi ndani mbio asije akapitwa.